Diu, Mji Uliotazamana na Pwani Yetu

Wengi wa ndugu zetu waendao Gujarat kuhiji Dwarka na Somnath hurejea nyumbani bila ya kufika Diu, ijapokuwa kutoka Somnath hadi kisiwani humo ni mwendo wa saa mbili hivi tu kwa gari. Waliofika, aghalabu wamefika kwa sababu isiyohitaji maelezo marefu: Gujarat imepiga marufuku pombe tangu ilipoundwa kuwa jimbo mwaka 1960, na Diu haimo katika Gujarat. Mwisho wa juma barabara ya kutoka Una hujaa magari, na wengi wa wasafiri hao hawaulizii njia ya ngomeni. Hao hatuna la kuwaambia. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya msomaji, awe muumini wa hekalu letu au jirani yetu wa dini nyingine, atakayependa kujua kwa nini mji mdogo uliokuwa mikononi mwa Wareno, huko ng'ambo ya bahari, umo ndani ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki, na kwa nini historia hiyo haifai kusimuliwa nusu.

Diu ni kisiwa chembamba chenye eneo la takriban kilomita za mraba 40, kilicholala kwenye ncha ya kusini ya rasi ya Saurashtra, ile ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Kathiawar. Mkono mwembamba wa bahari hukitenga na bara. Mashariki umo mji na ngome. Magharibi kabisa kipo kijiji cha wavuvi cha Vanakbara. Katikati ni vijiji, mashamba na mabwawa ya chumvi. Mtu akiitazama ramani ataelewa upesi kwa nini mahali hapa palipiganiwa. Jahazi lililotoka Cambay au Surat kuelekea Bahari ya Shamu, Hormuz au pwani ya Afrika lilipita mbele ya Diu, na jahazi lililorudi na upepo wa kusi lilipita hapo hapo. Aliyeishika Diu alilishika lango la Gujarat yote.

Wareno walilijua jambo hilo mapema, na njia iliyowafikisha Diu ilipitia kwetu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, aliyeteuliwa kuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Ureno katika India, alitia nanga Kilwa, akaupora mji, akamweka mtawala aliyemtaka na kujenga ngome. Majuma machache baadaye aliichoma moto Mombasa. Ndipo akavuka bahari. Miaka minne baadaye, tarehe 3 Februari 1509, mtu huyo huyo alizishinda mbele ya bandari ya Diu merikebu za Wamamluki wa Misri zilizokuja kuungana na zile za Gujarat na za Calicut. Mwanawe Lourenço alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia katika vita vya Chaul, na Almeida alipigana kama mtu mwenye kisasi. Mateka wengi aliwaua kikatili. Yeye mwenyewe hakufika kwao: mwaka 1510, akiwa njiani kurudi Ureno, aliuawa na Wakhoikhoi karibu na Rasi ya Tumaini Jema. Kwa hiyo maisha yake ya ukuu yalianza na kuishia katika ardhi ya Afrika, na katikati yake ipo Diu.

Ushindi ule haukumpa mji. Gavana wa Diu wakati huo alikuwa Malik Ayyaz, mtu aliyeanza maisha yake akiwa mtumwa na kupanda hadi kuitawala bandari iliyo tajiri kuliko nyingi za zama zake. Alikuwa mwanadiplomasia kuliko askari. Aliwarudishia Wareno mateka wao, akawapokea kwa zawadi na maneno matamu, na hakuwaruhusu kujenga ngome hadi alipofariki mwaka 1522. Tunapenda kumtaja kwa sababu vitabu vingi vya wageni humpitia haraka, ilhali ni yeye aliyeizuia Diu isiangukie mikono ya Wareno kwa miaka mingi kuliko mfalme yeyote.

Aliyefungua mlango alikuwa Sultan Bahadur Shah wa Gujarat. Alipoandamwa na majeshi ya Humayun, mfalme wa Wamughali, alitafuta msaada popote, na mwaka 1535 akawapa Wareno ruhusa ya kujenga ngome kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa. Aliyepokea ruhusa hiyo ni gavana Nuno da Cunha, na jina hili nalo si geni kwetu: alipokuwa njiani kwenda India aliiteka Mombasa mwaka 1528, akakaa humo miezi kadhaa na kuiacha ikiungua. Hatari ya Humayun ilipopita Bahadur Shah alijutia mkataba. Februari 1537 alikwenda kumzuru gavana melini, na aliporudi kukazuka mapigano baharini, naye akafa majini. Wagujarati na Wareno waliandika habari zake kila upande kwa namna yake.

Ngome ndiyo jambo la kwanza ambalo mgeni huliona, nayo haikatishi tamaa. Imezungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne umechimbiwa mahandaki ya kina. Aliyewahi kutembelea Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, atajiona yuko kwa ndugu mkubwa wa jengo analolijua: kuta zenye pembe kali zilizotoka nje, mizinga ya shaba na ya chuma iliyoelekezwa baharini, ngazi za mawe zilizolika, na ile rangi ya mawe ya pwani ambayo jua la alasiri huifanya kama asali. Ndani ya kuta hizi watu walivumilia mazingira mawili makubwa. Mwaka 1538 ulikuja msafara wa merikebu za Waturuki kutoka Suez, chini ya Suleyman Pasha, gavana wa Misri. Mwaka 1546 majeshi ya Gujarat yaliizingira tena kwa miezi mingi, hadi gavana João de Castro alipofika na msaada mwezi Novemba. Ngome ilikuwa imebomoka vibaya. Castro aliandikia raia wa Goa kuomba mkopo wa kuijenga upya, na kwa kuwa hakuwa na rehani nyingine aliwapelekea nywele za ndevu zake. Kisa hiki Wareno hukisimulia kwa fahari hadi leo. Sisi tunaona fahari iwaendee pia waliotoa fedha.

Mizinga iliyobaki ngomeni ni mingi, lakini ule ulio mashuhuri kuliko yote haumo. Mzinga uitwao Tiro de Diu, mkubwa ajabu, uliosubuliwa mwaka 1533 kwa amri ya Bahadur Shah, umo katika jumba la makumbusho ya kijeshi mjini Lisbon. Baharini mbele ya ngome ipo Panikotha, yaani ngome ya majini, jengo la mawe lenye umbo la merikebu lililosimama katikati ya mkondo. Zamani lilitumika kuwa gereza, na sehemu ya ngome kubwa nayo imetumika hivyo. Hapa tuna neno moja la pembeni. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu gereza limetokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Neno hilo hilo lilipoingia katika Kihindi likawa girja, na huko lingali na maana ya kanisa. Wareno waliwaachia watu wa pande mbili za bahari neno moja, na kila upande ukalipa maana kwa yale uliyoyaona.

Makanisa yenyewe ni ya kutembelewa. La Mtakatifu Paulo, lililojengwa na Wajesuiti mwanzoni mwa karne ya 17, lina uso uliochongwa na kupambwa kwa wingi wa nakshi, nalo lingali likitumika kwa ibada. La Mtakatifu Thomas limegeuzwa makumbusho ya sanamu za kale za mbao. La Mtakatifu Fransisko wa Asizi limewahi kutumika kuwa hospitali. Wakatoliki waliobaki Diu ni wachache sana, na ukubwa wa majengo haya haukuwahi kulingana na idadi ya waumini wake.

Jambo hilo linataka kuelezwa. Katika Goa Wareno walibomoa mahekalu, na kuanzia mwaka 1560 baraza la Inkwizisheni liliwaandama watu kwa sababu ya imani zao kwa zaidi ya karne mbili. Diu ilikuwa chini ya utawala ule ule, lakini mkono ulilegezwa. Forodha ya Diu ilikuwa chemchemi kubwa ya mapato ya Wareno katika India: majahazi ya Gujarat yalilazimishwa kuchukua cheti kilichoitwa cartaz, neno lisilokaa mbali na karatasi yetu, na kupita bandarini hapo kulipa ushuru. Waliolipa ushuru huo walikuwa wafanyabiashara Wahindu na Wajaini wa tabaka la Vania, ambao pwani ya kwetu iliwaita Mabaniani. Kuwafukuza kungekuwa ni kuifunga forodha. Mara kwa mara mapadri walilalamika, mara kwa mara wafanyabiashara nao walitishia kuhama, na serikali ikachagua fedha. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutembea kutoka kanisa la Mtakatifu Paulo, akapita lango la Zampa lililopakwa rangi nyekundu na kuchongwa simba na malaika, na kufika Fudam alikotazamia kuona magofu, akakuta hekalu la Gangeshwar likiendelea na ibada.

Karne ya 17 ilikuwa mbaya kwa Diu. Mwaka 1668 Waarabu wa Omani, ambao miaka thelathini baadaye wangewang'oa Wareno kutoka Fort Jesus, waliuvamia mji na kuupora. Biashara ilidorora. Katika hali hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni kubwa kuliko mazingira yote mawili, ingawa halina mzinga wa kuonyesha. Mwaka 1686 serikali ya Goa iliwapa wafanyabiashara wa Diu haki ya peke yao ya kufanya biashara kati ya kisiwa chao na Msumbiji. Kampuni yao Wareno waliiita ya Mazanes, na msomaji wa Kigujarati atalitambua neno hilo: ni mahajan, chama cha wafanyabiashara. Haki hiyo ilidumu hadi mwaka 1777. Kila mwaka, upepo wa kaskazi ulipovuma, meli zilitoka Diu zikiwa na nguo, na kusi ilipogeuka zilirudi na pembe za ndovu.

Nguo hizo hazikufumwa Diu peke yake. Nyingi zilitoka Jambusar na miji mingine ya Gujarat. Katika bara la Msumbiji zilikuwa ndizo fedha. Wafanyabiashara wa Kiyao na wa Kimakua walioleta pembe kutoka bara la mbali walilipwa kwa nguo, wakazilipa nguo hizo kwa wengine, na hivyo hadi ndani kabisa. Na hawakupokea chochote walicholetewa. Rangi, upana na mpangilio wa milia iliyopendwa katika msimu mmoja ungeweza kukataliwa msimu uliofuata, na shehena isiyopendwa ilikaa ghalani ikiliwa na mende. Mawakala wa Kivania waliokaa Kisiwa cha Msumbiji walikuwa na kazi ya kupeleka habari Diu kila mwaka: nguo gani inatakiwa, ipi imechuja machoni pa watu. Mfumaji wa Jambusar, ambaye hakuwahi kuiona Afrika, alifanya kazi kwa amri ya mnunuzi aliyekaa ng'ambo ya bahari. Hadithi ya kwamba Waafrika walipewa vitambaa hafifu wakatoa pembe bila kujua thamani yake haiafikiani na kumbukumbu za biashara hii.

Pembe nazo zilikuwa na kwao. Katika Gujarat na sehemu jirani bangili za pembe zilikuwa sehemu ya mapambo ya bibi harusi, na bangili hazikurithishwa bila kikomo. Kila kizazi kilitaka zake. Bibi zetu wengi walivishwa bangili hizo. Ni wachache waliojiuliza ndovu alikufa wapi.

Majumba ya wafanyabiashara yangali yamesimama katika vichochoro vya mji wa zamani. Maarufu kuliko yote ni lile linaloitwa Nagar Sheth haveli, lenye uso uliojaa nakshi za maua na majani. Mtu husimama mbele yake, akapiga picha, akasema wazee walikuwa na uwezo. Sisi pia tulisema hivyo. Vitabu vya kumbukumbu kama hiki, vinavyochapishwa na jumuiya zetu kila zinapotimiza miaka kadhaa, hupenda kumwonyesha babu aliyefika na bweta moja na kufanikiwa kwa bidii na uaminifu. Babu huyo alikuwepo, na bidii yake ilikuwa ya kweli. Lakini tabaka lililojenga majumba ya Diu lilifanya biashara nyingine pia, na kumbukumbu za Wareno hazifichi. Meli zilizopeleka nguo Msumbiji zilirudi mara kwa mara na watu waliotiwa utumwani, wakauzwa Diu, Daman na Kathiawar. Idadi yao ilikuwa ndogo ikilinganishwa na waliochukuliwa na Wafaransa kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi au na wengine kwenda Brazil. Hata hivyo watumwa wengi wa njia hizo nyingine nao walinunuliwa kwa nguo za Gujarat, nguo zilizofikishwa na wakopeshaji na mawakala wa Diu. Kwa hiyo hesabu haiishii kwa wale walioshuka bandarini.

Tunaliandika hili tukijua kwamba baadhi ya wasomaji wetu hawatalifurahia, na tukijua pia kwamba majirani wetu watakaoshika kitabu hiki wamelijua siku zote kwa njia moja au nyingine. Hatuoni kwamba kuficha kunamheshimu yeyote.

Wajukuu wa Waafrika waliofikishwa Gujarat kwa njia mbalimbali wapo hadi leo, nao huitwa Masidi. Wako Diu, na wako wengi zaidi katika kijiji cha Jambur, kando ya msitu wa Gir wenye simba, si mbali na njia ya Somnath. Wanasema Kigujarati, wengi ni Waislamu, na humheshimu sana walii aitwaye Bava Gor. Ngoma yao huitwa goma. Hatuna haja ya kuwafafanulia wasomaji wa Kiswahili neno hilo limetoka wapi.

Kwenye ufuo wa Nagoa, unaopendwa na watalii, mgeni wa kutoka Dar es Salaam atashangazwa na miti. Ni mikoma yenye shina linalogawanyika matawi, jambo lisilo la kawaida kwa jamii ya minazi. Ni ndugu wa mikoche iliyoupa jina mtaa wa Mikocheni. Wenyeji huiita hoka, na watembezaji wa watalii husema kwamba Wareno waliileta kutoka Afrika. Maelezo hayo yanapendeza, ila wataalamu wa mimea huihesabu kuwa mti wa asili wa pwani ya magharibi ya India. Katika mji uliopokea vitu vingi hivyo kutoka kwetu, ni haki tuuachie walau mti wake.

Bombay ilipokua, Diu ilififia. Katika karne ya 19 na ya 20 kilichosafiri kutoka kisiwani kwenda Msumbiji hakikuwa tena bidhaa nyingi, bali watu wenyewe: wafumaji, waashi, wenye maduka madogo. Wahindu walijenga hekalu katika Kisiwa cha Msumbiji, nalo lipo. Kisha ikaja Desemba 1961. India, baada ya kungoja miaka kumi na minne kwa mazungumzo, ilipeleka majeshi Goa, Daman na Diu. Diu ilipigwa kwa ndege na mizinga. Meli ndogo ya Wareno iliyoitwa Vega ilizamishwa mbele ya kisiwa tarehe 18, na siku iliyofuata ngome ikasalimu amri, baada ya miaka 426. Waliolipa gharama walikuwa pia mbali na hapo. Serikali ya Salazar iliwaweka kizuizini Msumbiji watu wenye uraia wa India, ikazuia mali zao, na wengi wakaondoshwa nchini. Familia ambazo zilikuwa na mguu mmoja Diu na mwingine Lourenço Marques zilijikuta zimekatwa katikati. Waliobaki, wenye pasi za Kireno, wengi waliondoka baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975 wakaenda Lisbon. Ureno iliutambua utawala wa India juu ya Diu mwishoni mwa mwaka 1974, na hadi leo watu waliozaliwa kisiwani kabla ya mwaka 1961, na watoto wao, hudai uraia wa Ureno na kuutumia kutafutia kazi Ulaya. Ndiyo sababu mtu hukutana Diu na vijana wanaofahamu mitaa ya London kuliko ya Ahmedabad.

Atakayekwenda asiiache Gangeshwar hadi mwisho wa siku bila kwanza kuuliza habari za maji. Hekalu limo ndani ya mwamba ufuoni Fudam, si jengo bali pango dogo lililofunguka kuelekea baharini, na mapokeo husema kwamba shivalinga zake tano ziliwekwa na Wapandava, kila ndugu yake. Maji yakijaa, mawimbi hupanda yakazifunika zote. Yakianza kupwa, moja baada ya nyingine hujitokeza, zikiwa na maua ya asubuhi yaliyobaki yamenasa kwenye jiwe. Viatu huachwa juu ya ngazi, na jiwe la chini lina utelezi. Sisi tulifika maji yakiwa nusu, tukasimama na kungoja.